Jembe Kwenye Stoo ya Tangawizi

Mtu wa kwanza kuniuliza kama nina uzoefu alikuwa muuza nondo na saruji wa karibu na stendi ya Same. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimevaa shati la marehemu baba ambalo mikono yake nilikuwa nimeikunja mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia uzoefu sina, ila nguvu ninazo.

Akacheka, si kwa ubaya. "Nguvu hata punda anazo, mdogo wangu. Mimi nataka mtu anayejua tofauti ya msumari wa bati na msumari wa mbao."

Tofauti hiyo niliijua. Lakini nilipofungua mdomo kumweleza, alikuwa ameshamgeukia mteja.

Wiki ile swali lilinifuata kila mlango. Kwenye gesti moja mama wa mapokezi aliniuliza kama nimewahi kutandika vitanda. Nikasema ndiyo, kila siku.

"Vitanda vya wageni?"

"Vya wadogo zangu."

"Hivyo havihesabiki," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Wakala wa pesa za simu alitaka kitambulisho cha taifa, na mimi nilikuwa bado sijafikisha umri wa kukipata. Kinyozi ndiye pekee aliyekubali kunijaribu, sema kichwa cha kujaribia nilitakiwa nije nacho. "Sio changu," akanionya. "Kalete cha kwako." Nilizunguka mtaa mzima kutafuta rafiki mwenye nywele na moyo wa kujitolea. Nilipata wenye nywele tu.

Nilikuwa na haraka kwa sababu mama alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Baba alitangulia zamani, nikiwa mdogo. Mama alipozidiwa niliacha shule, kidato cha pili, maana wa kumgeuza kitandani, wa kupika na wa kuwaandaa wadogo asubuhi alikuwa lazima awepo, na mkubwa nilikuwa mimi. Wadogo zangu ni wawili, wote wa kike. Wakati huo mmoja alikuwa darasa la sita na kitindamimba darasa la pili.

Matanga yalipokwisha, baba mkubwa alishuka kutoka milimani na wazee wengine wa ukoo, wakakaa sebuleni kwetu, wakatugawa. Wa darasa la sita aende kwa shangazi, Kifaru. Kitindamimba aende kwa mama mdogo, Hedaru. Mimi nilionekana mkubwa wa kutosha kujitafutia. Walitugawa kwa upendo, siwezi kusema vingine. Shangazi na mama mdogo wote walikuwa wamekubali kwa moyo mweupe. Lakini ukiwa Same, Kifaru iko upande wa kwenda Moshi na Hedaru iko upande wa kwenda Dar, na hapo katikati ningebaki mimi na masufuria.

Nikaomba kusema. Nikasema tubaki wote, mimi nitatafuta kazi.

Baba mkubwa ni mtu wa kusikiliza, kisha kuuliza mpaka jasho likutoke. "Ukipata kazi ya kutwa, hawa wakitoka shule wanamkuta nani?"

"Nitawaachia ufunguo."

"Watoto wa kike hawalelewi na kufuli," akasema. Akatafakari, akatazama wenzake. "Haya. Tafuta kazi itakayokuachia mchana. Ukiipata kabla shule hazijafungwa, tutakaa tena. Usipoipata, shule zikifunguliwa kila mmoja atafungulia kule tulikosema."

Kwa hiyo nilikuwa natafuta kitu ambacho Same nzima hakuna aliyekuwa akikitangaza: kazi ya nusu siku kwa mtu asiyejua kufanya chochote. Kazi za kutwa kwa kijana wa kiume hazikuwa ngumu kuzisikia. Kulikuwa na kupakia malori Hedaru, kuna kuchunga ng'ombe wa watu huko tambarare, kuna kuosha magari. Hapo kwenye kuosha magari nilipotaja habari ya kuondoka mchana, vijana waliacha mipira ya maji ikimwagika ovyo.

"Nusu siku? Wewe ni meneja?"

"Mwacheni, ana kikao Dodoma."

Nikaondoka, nao wakanipigia saluti.

Habari ya stoo ya tangawizi nilipewa na mama muuza nyanya sokoni. Stoo ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja ambaye kila mtu alimwita Hajati, mwanamke mrefu aliyevaa miwani juu ya ushungi na kuitafuta muda wote. Tangawizi ilishuka kwake kutoka milimani alfajiri, ikachambuliwa asubuhi, na mchana lori la wanunuzi likaja kuichukua. Adhana ya adhuhuri ikilia, wachambuaji walikuwa wameshanawa mikono. Niliposikia hivyo moyo uliniruka. Nilifika mlangoni nikihema.

"Sina uzoefu," nikasema, kabla hajauliza. "Shikamoo."

Hajati akaniangalia. "Marahaba. Hiyo ya pili ndiyo ya kuanza nayo." Akavuta kiti. "Umewahi kushika tangawizi?"

"Ndiyo, Hajati."

"Wapi?"

"Kwenye chai."

Ndani wanawake wawili waliokuwa wakichambua waliangua kicheko. Mmoja, mnene, mwenye sauti ya kuimbia kwaya, akasema kumbe leo tumepata mtaalamu wa chai, na jina hilo nililibeba tangu dakika ile. Hajati hakucheka, lakini hakunifukuza pia.

"Jumamosi gari linashuka limejaa. Njoo alfajiri nikutazame. Kukutazama, sijasema kukuajiri."

Mimi nilisikia kuajiriwa. Nilikimbia mpaka nyumbani.

Hapo lazima nieleze jambo ambalo kwetu milimani halielezwi. Pembe ikilia kijijini, maana yake ni msaragambo: kuna mfereji wa kuzibua au barabara iliyokatika, na wote wanatoka. Haitwi mtu, inaitwa nyumba. Anayeweza kulima anabeba jembe, asiyeweza anabeba chungu cha chakula, na mtoto anabeba hata kikombe cha kunywea maji. Nyumba ikitoa mtu mmoja, tena mikono mitupu, itasemwa mpaka mvua nyingine. Sisi tulizaliwa mjini Same, lakini likizo zote tulikuwa kwa bibi, na namna hiyo ya kwenda kazini ndiyo pekee tuliyoiona kwa macho.

Basi niliposema, "Nimeitwa kazini Jumamosi," mdogo wangu wa darasa la sita hakuuliza ni kazi gani. Aliuliza, "Niloweke mahindi kiasi gani?"

Wala mimi sikushangaa. Nilisema aloweke mengi.

Jumamosi tulitoka bado giza. Mimi nimeweka jembe begani. Mdogo wangu amejitwika sufuria la makande lililofungwa kwa kanga ili lisipoe. Kitindamimba amebeba kikombe. Na nyuma yetu bibi jirani, mzaliwa wa huko huko milimani, ambaye alisikia kupitia ukutani na akaona ni dharau kubwa kuachwa. Alikuja na jembe lake, fupi, lililolika kwa kazi, na kanga amejifunga kiunoni.

"Mfereji wa nani?" akauliza tulipofika lami.

"Ni stoo, bibi."

"Haya, stoo," akasema, na hakupunguza mwendo.

Tulipotokeza kwenye uwanja wa stoo, Hajati alikuwa amesimama na dereva wa gari la tangawizi. Aliona majembe kwanza. Akashika kifua.

"Innalillahi! Nani amefariki?"

"Hakuna, Hajati. Ni mimi. Nimekuja kazini."

"Na hao?"

"Ni wa nyumbani."

Aliitafuta miwani, akaiteremsha machoni, akatukagua mmoja mmoja kuanzia jembe hadi kikombe. "Kijana, hapa nalimisha nini? Hii ni saruji!" Akakanyaga sakafu kuonyesha. "Mimi nimekuambia uje nikutazame, wewe umeniletea kijiji. Nani atalipa watu wote hawa?"

"Nani ametaka kulipwa?" bibi jirani akajibu kabla yangu. "Sisi tumemleta mtoto wetu kazini."

"Mmemleta? Kwani anaolewa?"

Dereva alilazimika kushika mlango wa gari lake. Yule mama mnene wa sauti ya kwaya alikuwa ametoka nje, na alipoona sufuria alielewa yote kwa pamoja, maana naye alikuwa wa kwetu. "Hajati, huu ni msaragambo," akasema huku machozi ya kicheko yakimtoka. "Mtaalamu wa chai kaja na msaragambo mjini!"

Nilitamani saruji ipasuke inimeze. Wakati huo ndipo nilipoona kwamba watu wa mjini wanakwenda kazini mmoja mmoja, kama wanaokwenda kuungama. Hajati alikuwa ameshageuka. "Warudishe watu wako," akasema. "Siku nyingine, labda."

Siku nyingine sikuwa nayo. Shule zilikuwa zinakaribia kufungwa. Nikasimama pale pale na jembe langu. Nikasema yale yaliyokuja: "Hajati, gari bado halijapakuliwa. Naomba nipakue tu hili, halafu uniambie niondoke. Hawa watakaa kimya."

Alitazama gari. Kwa kweli lilikuwa limejaa mpaka juu.

"Majembe yakae nje," akasema mwishowe. "Bibi, karibu kiti. Watoto barazani, na asishike mtoto yeyote tangawizi yangu. Sijaajiri watoto mimi. Wewe ingia."

Nikapakua gari, kisha nikakaa chini kuchambua na wale akina mama. Tangawizi inapotoka shambani ina umbo la kiganja chenye vidole vinene, na katikati ya vidole kuna udongo. Mimi nikiwa mpishi wa nyumbani, nilivunja vidole ili udongo utoke vizuri. Nilifanya kasi, nikajisifu moyoni. Mama wa kwaya akaniinamia.

"Mtaalamu, unapikia nani?"

"Nasafisha."

"Unaiua. Mnunuzi anataka mkono mzima. Vunja sehemu iliyooza tu, udongo upukute kwa kidole gumba. Usikwangue ngozi."

Nikaanza upya, taratibu. Jua lilipopanda jasho likaniingia machoni, nikalifuta kwa mkono. Asiyewahi kushika tangawizi mbichi asubuhi nzima kisha akajipangusa jicho, siwezi kumsimulia. Niliruka kama nimeng'atwa na siafu. Wakanimwagia maji usoni huku wanacheka, na mama wa kwaya akasema huo ndio ubatizo, sasa ni mwenzao. Nikarudi kukaa, jicho moja limefumba, nikaendelea na lile lililobaki.

Ilipofika saa ya chai, sufuria lilifunguliwa. Makande yalikuwa bado ya moto. Akina mama wakala, dereva akala, akaongezwa, akaomba kujua msaragambo mwingine ni lini. Hajati alikuja na sahani yake akakaa barazani karibu na kitindamimba, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajaachia kikombe.

Nilikuwa dirishani, nikawasikia.

"Na wewe umekuja kufanya kazi gani?"

"Nimekuja na kikombe."

"Hujachoka kukaa?"

"Nimechoka. Lakini kaka akikosa kazi, mimi naenda Hedaru."

"Hedaru kuna nini?"

"Kuna mama mdogo. Na malori." Akafikiri. "Dada yeye anaenda Kifaru. Ni mbali na Hedaru, nimeulizia."

Hajati akainamia makande yake mpaka yakaisha. Niliogopa kuwa amekasirika, kwamba ataona nimewatuma watoto wanililie. Adhana ilipolia tulinawa mikono. Akaniita kando.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama nimeshika tangawizi."

Akatikisa kichwa. "Kazi yangu inaishia adhuhuri, hilo umeliona. Tangawizi ikipungua, vinakuja vitunguu. Jumatatu uje. Peke yako. Jembe nikiliona tena hapa nitaliuza."

"Na uzoefu, Hajati?"

"Leo si umepata wa nusu siku? Jumatatu utaongeza."

Bibi jirani alinyanyuka kwenye kiti chake, akachukua majembe yote mawili, akasema kazi ilikuwa nzuri, ila hao watu wa stoo hawajui kuimba.

Sasa ilibaki baba mkubwa. Nilimpigia simu siku ile ile nikamwambia nimepata. Akasema vizuri. Nikadhani amekubali. Kumbe katika ukoo wetu jambo halikubaliwi kwa simu. Lazima liwe na shahidi, na baba mkubwa hakumwamini shahidi yeyote zaidi ya macho yake. Siku moja ya katikati ya wiki, nikiwa nimeinamia tangawizi, niliona viatu ninavyovijua mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Fanya kazi, mimi sipo."

Akajikalisha juu ya gunia. Hajati alipotokea, akamsalimu kwa heshima zote, kisha akaanza.

"Mama, huyu kijana wewe ni nani kwake?"

"Bosi wake."

"Anaondoka saa ngapi?"

"Adhuhuri."

"Kila siku?"

"Adhuhuri ipo kila siku, mzee wangu."

Baba mkubwa akakubali hoja hiyo kwa kichwa. "Na siku akiumwa?"

"Atakunywa tangawizi."

"Na wewe ukichoka naye?"

Hajati akaisogeza miwani. "Nilichoka naye siku ya kwanza kabla jua halijatoka. Hiyo imeshapita."

Akina mama wakainamisha nyuso ndani ya magunia. Baba mkubwa alikaa pale mpaka mwisho, hakukubali hata chai, asije akaonekana amehongwa. Adhana ilipolia nilinawa, nikaaga, nikaondoka. Naye akanyanyuka. Lakini hakutembea nami. Alinifuata kwa nyuma, kwa mbali, kama askari kanzu. Nikisimama kununua mchicha, naye anasimama kutazama bei ya ndoo. Nikisalimiana na mtu, anasubiri. Tulifika nyumbani hivyo, mimi nikafungua mlango, yeye akabisha hodi.

Niliwasha moto, nikapasha makande, nikachuma na limao. Wadogo wakafika na sare zao zenye vumbi jekundu, wakamkuta mezani, wakamsalimu. Mmoja akavua viatu akaenda kuchota maji. Kitindamimba akaanza kunisimulia ugomvi wa rula uliotokea darasani, akianzia katikati kama kawaida yake. Baba mkubwa alikuwa anatazama tu, kijiko hewani.

Kisha akamuuliza wa darasa la sita, "Wewe, unataka kwenda Kifaru?"

"Kutembea au kuhamia, baba?"

"Kuhamia."

"Kutembea tu."

Akamaliza sahani. Akatoa simu yake, akaweka sauti ya nje, na kwa kuwa watu wa milimani huzungumza na simu kana kwamba aliyeko ng'ambo yuko kilima cha pili, mtaa wote ulipata taarifa.

"Dada! Watoto wanabaki Same! Nimeona kwa macho! Mwambie na mwenzako wa Hedaru!"

Shangazi akauliza, "Wote?"

"Wote!"

"Sasa kaka, na godoro?"

Ikajulikana hapo kwamba shangazi, kwa kumsubiri mwana, alikuwa ameshanunua godoro jipya na kuliweka chumbani. Alisikika akivuta pumzi, nadhani alilia kidogo, kisha akasema kwake litamtazama vibaya, bora litufuate sisi wenye kulilalia.

Wiki iliyofuata nilikuwa kazini, mikono imejaa udongo, simu ikaita. Ni kondakta. "Dogo, nina godoro lako hapa stendi. Uje sasa hivi, sisi tunaendelea na safari."

Hajati alikuwa mbele yangu na alisikia. Angeniruhusu, nilimwona usoni. Lakini gari la pili lilikuwa limeingia muda huo huo, na magunia yalikuwa bado juu.

"Liegemeze kwenye ukuta wa tiketi, kaka," nikamwambia. "Mimi natoka adhuhuri."

"Likiibiwa?"

"Ni kubwa. Mwizi wake ataonekana."

Nilipofika, godoro halikuwa ukutani. Moyo ulinishuka mpaka nilipoangalia upande wa kivulini. Lilikuwa limelazwa chini, bado limefungwa kamba, na juu yake wameketi abiria wanne wa basi la Tanga na mizigo yao, mama mmoja amevua kabisa viatu.

"Shikamooni," nikasema. "Naomba godoro langu."

Mama wa viatu akalibonyeza kwa kiganja, mara mbili, kwa majuto. "Zuri. Huliuzi?"

"Siuzi, mama. Lina watu nyumbani."

Wakasimama. Mmoja wao akanisaidia kulitwika kichwani.